Abiria Wote Wavae Ndala

Mtu aliyepima mizigo ya wenzake uwanja wa ndege ujana wake wote, akabandika vitambulisho vya miji asiyoijua, akafunga kamba masanduku yaliyopasuka, na hata siku moja asipande ngazi ya ndege, akistaafu ana haki ya kuota. Hilo Mama Dobi hakumnyima mdogo wake. Alichoshindwa kukimeza ni kofia.

Ilikuwa kofia ya kirubani, yenye ukingo mweusi unaong'aa na mabawa ya rangi ya dhahabu mbele. Mdogo wake aliivaa tangu asubuhi. Alikunywa chai nayo, alikwenda kununua misumari nayo, na inasemekana mkewe alikuwa akimvua akishalala. Mtaa mzima ukamwita Kapteni, na yeye akaacha kuitikia jina jingine lolote, hata akiitwa na mama yake mzazi.

Mama Dobi hakuwa na kofia. Alikuwa na duka la kufulia nguo, mashine zimepangwa ukutani zikinguruma kutwa, na ulimi ambao wateja waliuogopa kuliko madoa. Wakiwa watoto, ulimi huohuo ndio uliompandisha mdogo wake juu ya paa. Alimwambia tu, "Huwezi," na kabla hajamaliza kucheka, kijana yuko juu, analilia namna ya kushuka. Tangu hapo alijua kamba ya kumvuta mdogo wake iko wapi. Watu wengine huisahau elimu ya namna hiyo wakikua. Yeye hakuisahau.

Ndege yenyewe ilikuwa kwenye banda la gari, nyuma ya nyumba ya Kapteni. Gari lilihamishiwa nje, likalowa na kupauka, ili kupisha fremu ya chuma iliyobeba kiti cha basi lililokufa. Chini ya kiti kulikuwa na mota mbili kubwa kama ndoo, zilizong'olewa kwenye mashine za kiwanda kilichofungwa. Hazikuwa mota za betri za kuchezea. Zilikula umeme wa ukutani, ule unaowasha pasi na jiko. Kisanduku cha kuziendesha kilifungwa palepale chini ya kalio la abiria, na waya wake ukaning'inia ukicheza kila kiti kilipocheza. Mbele kulikuwa na televisheni pana, usukani, na vitufe vingi ambavyo baadhi yake vilifanya kazi. Ndege ikilala upande kwenye kioo, kiti nacho kinalala. Ikipanda, unasukumwa nyuma mpaka unaona dari.

Na tusimdhulumu mtu: kilipendeza. Mwanamume aliyejifunza peke yake, kwa video na kwa kuunguza vidole, kukifundisha chuma kuinama kama bawa, si wa kubezwa. Angekuwa wa kusifiwa kama angeishia hapo.

Mlangoni mwa banda alining'iniza kibao: ABIRIA WOTE WAVAE NDALA. Chini yake zilipangwa ndala za mpira, kubwa na ndogo.

"Za nini hizi?" Mama Dobi aliuliza siku aliyoitwa kupanda kwa mara ya kwanza.

"Usafi, dada. Angani hakuna matope."

"Na wewe mabuti hayo ya mvua? Jua lote hili?"

"Rubani ana mavazi yake."

Akavaa ndala, akaketi, akashika mikono ya kiti. Mota zikanguruma. Ndege ikaacha ardhi kwenye kioo, na papo hapo Mama Dobi akahisi siafu wakimpanda kutoka viganjani hadi kwenye viwiko. Hakuwaona, lakini aliwatambua. Walikuwa wamemtembelea zamani.

"Wewe! Kiti chako kinang'ata!"

"Haking'ati," alisema Kapteni, akitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni mila za mjini. "Hiyo ndiyo anga."

"Anga gani?"

"Mtetemo wa juu. Ndege ikipasua hewa, mwili wake wote husisimka. Kila rubani anaujua."

"Na wewe uliujulia wapi? Kwenye mizani?"

Pembeni alikuwapo shemeji yao, kaka wa mke wa Kapteni, muuza mapazia, ambaye kila mtu alimwita Mapazia. Huyu alikuwa amepanda mara nyingi kuliko abiria yeyote, na kila akishuka alisimulia anga kubwa kuliko iliyotangulia.

"Shemeji, usibishe usichokijua," alisema Mapazia. "Mimi jana nimeisikia mpaka kwenye meno. Kuna watu wanapanda hawasikii kitu. Ngozi zao nzito, hawana kipaji."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Wanaume wazima wa mtaa ule, wenye wake na madeni, walikuwa wakishuka kwenye kiti kile wanajichunguza kama wamesikia anga ya kutosha. Aliyesikia kidogo alidai amesikia sana. Aliyesikia sana, mpaka mkono ukafa ganzi, alitembea siku nzima kifua mbele. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini chuma kimwashe mtu. Walikuwa wamepewa neno zuri, na neno zuri likawatosha.

Mama Dobi alishuka, akainama, akaanza kuufuata waya.

"Unatafuta nini?"

"Njia ya kwenda chini."

Aliifahamu kazi hiyo kwa sababu mashine yake ya kwanza ya kufulia ilikuwa na tabia hiihii. Ukiigusa na mikono mikavu inakuwasha, ukiigusa umelowa inakutupa. Fundi umeme alimweleza kwa maneno machache: umeme ukitoroka kwenye waya wake ukaingia kwenye bati la mashine, unatafuta pa kushukia ardhini. Waya wa ethi umewekwa ili ushukie hapo. Usipokuwapo, utamsubiri mtu.

Waya wa kiti ulitoka chini ya fremu, ukapita dirishani, ukavuka ua juu ya kamba ya kuanikia nguo, ukaingia jikoni. Ilikuwa eksitensheni ya zamani, ya waya mbili tu. Plagi ya kiti ilikuwa na pini tatu hapo mwanzo, lakini ile ya ethi ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Kisiki chake kiling'aa.

"Umeme unautoa jikoni, na banda lina soketi yake?"

"Soketi ya bandani ina ile breka mpya ya kukata umeme," alisema Kapteni. "Nikiwasha tu, inaruka. Nikirudisha, inaruka. Breka mwoga sana ile."

"Inaruka kwa sababu gani?"

"Si nimekwambia? Mwoga. Na fundi aliyeifunga mwoga mwenzake. Nilimwambia aing'oe, akakunja mkoba wake akaondoka, hata chai hakumaliza. Sasa fyuzi ya jikoni ni ya kizamani, hiyo haina maringo. Inavumilia."

"Yaani mlinzi amekupigia kelele kwamba mwizi yumo ndani, wewe ukamfukuza mlinzi."

"Dada."

"Ukaajiri kipofu."

Walirudi bandani. Kwenye ubao wa vitufe kulikuwa na kimoja kikubwa, chekundu, kama uyoga. Mama Dobi alikibonyeza kwa kiganja. Taa ndogo ikawaka juu yake: DHARURA. Kiti kikaendelea kuyumba kama kawaida, kikipinda kushoto juu ya mawingu.

"Hiki nacho?"

"Cha dharura."

"Mbona hakizimi kitu?"

"Kinaashiria," alisema Kapteni. "Kinamjulisha rubani kwamba kuna dharura."

"Rubani atakuwa hajui?"

Mapazia aliangua kicheko, akakirudisha haraka alipoona kofia imemgeukia.

"Sikiliza, dada yangu," Kapteni alisema, sauti imeshuka, na sasa hakuwa akicheza. "Nimesimama kwenye mizani ile maisha yangu yote nikiwatazama watu wakipita kwenda kupaa. Sasa nimejenga changu. Wewe unafua, mimi narusha. Wivu utakuchosha bure."

Mama Dobi alivua ndala, akazipanga vizuri pale alipozikuta, akaondoka bila kuaga.

*

Angeweza kuliacha lilivyo, kama si habari aliyoletewa na wifi yake siku chache baadaye. Wifi alikuja dukani na fuko la mashuka, akalitua kaunta.

"Umesikia? Jumamosi tunazindua. Abiria wa kwanza rasmi ni Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa alikuwa mama yao. Mama Dobi aliacha kukunja shati.

"Mama apande kile kiti?"

"Mwenyewe amekubali, amefurahi kama mtoto. Na wewe wifi tafadhali, usije ukamwaga sumu yako. Mume wangu hajalala wiki nzima kwa furaha."

"Wifi, nyinyi mnavaa ndala ndipo mnakigusa. Mama miguu yake unaijua?"

Miguu ya Bi Mkubwa ilikuwa imevimba mwaka wa ngapi sijui, kwa sababu ya moyo. Kiatu chochote kilimkata, ndala zilimkata zaidi. Alitembea peku, ndani na nje, akisema sakafu baridi ndiyo dawa yake pekee isiyo chungu.

"Tutamtafutia kubwa," wifi alisema, akachukua risiti yake.

Jioni hiyohiyo Mama Dobi alikwenda kwa mama yake. Alimkuta ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji, gauni la kijani limetundikwa kwenye mlango wa kabati.

"Hilo ndilo la safari," Bi Mkubwa alisema kabla hajasalimiwa vizuri. "Unaonaje? Ndani ya ndege huwa baridi?"

"Mama, kile si ndege."

"Najua si ndege. Mimi mgonjwa, si mjinga." Alichezesha vidole majini. "Baba yenu aliniahidi, tulipooana. Akasema tutapaa hata mara moja tu, tuone paa la nyumba yetu kwa juu. Akafa. Halafu daktari akaniambia kwa moyo huu nisahau. Sasa mwanangu kanijengea ya kupaa sakafuni. Hata kama ni kiti na televisheni, nitakataaje?"

"Kile kiti kina umeme, mama. Unakuwasha. Na wewe moyo wako..."

"Ndugu yako kasema ni hewa ya juu."

"Ndugu yangu anajua hewa ya juu kama mimi ninavyojua kuogelea baharini."

Bi Mkubwa aliacha kuchezesha vidole.

"Nyinyi wawili mmegombana tangu kwenye mbeleko. Yeye akishika hiki, wewe unasema si chake. Nakuomba mwanangu, mara hii moja. Usiniharibie ndege yangu."

Mama Dobi alimkausha miguu kwa taulo, mmoja baada ya mwingine. Akikaa kimya, mama anakalia umeme na miguu mitupu. Akisema, yeye ndiye mwenye wivu. Aliondoka pale amejiapiza jambo moja: Jumamosi mama yake hatakigusa kiti kile, na mdogo wake ataumbuka mbele ya kila aliyemwita Kapteni. Hakuona kwamba hayo ni mambo mawili.

*

Jumamosi asubuhi banda lilimeremeta. Wifi alikuwa ameisugua sakafu ya saruji kwa maji na sabuni, na kwa kuwa wageni walifika mapema, haikuwahi kukauka. Maputo yalifungwa kwenye fremu. Mapazia alileta kipande cha pazia jekundu, wakakifunika kiti ili kifunuliwe kwa heshima. Majirani walijaa mpaka nje, wakigombania ndala.

Mama Dobi alifika akipitia jikoni. Aliiona plagi pale ukutani, karibu na jiko, ya moto kidogo ukiigusa. Mkono wake ulikuwa karibu. Angeichomoa kimyakimya, akaitia kwenye mfuko wa gauni, akaenda zake, na siku ile ingekwisha kwa maneno na kununiana tu. Hakuichomoa. Jikoni hakukuwa na watu wa kumwona akishinda.

Kapteni alihutubia. Alizungumza kuhusu ndoto, kuhusu mawingu, kuhusu watu wadogo wa moyo ambao kila likijengwa jambo husimama pembeni kuhesabu nyufa. Watu walijua anasemwa nani, wakageuza shingo. Mapazia alipiga makofi mwanzo, katikati na mwisho.

"Na sasa," alisema Kapteni, akivuta pazia, "abiria namba moja. Mama yangu mzazi!"

Bi Mkubwa alisogea, ndani ya gauni la kijani, ameshikwa mkono na wifi. Walimletea ndala kubwa kuliko zote. Alijaribu, akakunja uso, akazivua.

"Zinanikata. Acheni niende hivi hivi."

Akaiweka miguu yake mitupu kwenye saruji iliyolowa, akanyoosha mkono kukishika kiti.

"Ngoja, mama." Sauti ya Kapteni ilitoka ghafla, si ya kirubani kabisa. "Ngoja kwanza. Ndala... ni utaratibu."

"Utaratibu wa nini, na sakafu ni safi?" aliuliza Mama Dobi kutoka mlangoni. Banda zima likageuka. "Mwache apande. Si usafi tu?"

"Dada, si wakati wake."

"Wakati wake ndio huu. Kama ile ni anga, itamdhuru nini mama? Au unaogopa?"

"Siogopi chochote."

"Basi panda wewe kwanza. Vua mabuti, panda peku. Tuone Kapteni asiyeogopa anga yake."

Mapazia aliangalia chini, kwenye ndala zake mwenyewe. Ukweli ulikuwa pale, kila mtu angeweza kuuokota: hakuna aliyewahi kumwona Kapteni akikigusa kiti kile bila mpira miguuni. Jasho lilimtoka chini ya ukingo wa kofia. Alikuwa amebakiwa na neno moja tu la kusema, neno dogo, "Naogopa," na yote yangeisha.

Mama Dobi aliliona likimjia mdomoni. Akamwahi.

"Huwezi," alisema.

Kapteni aliinama akavua buti moja, kisha la pili, kisha soksi. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, laini, kama za mtu aliyetoka hospitali. Alikanyaga saruji iliyolowa, akamtazama dada yake, akashika mkono wa kiti kwa kiganja kizima.

Hakupiga kelele. Mdomo ulifunguka, sauti ikakwama. Mkono ulikaza, shingo ikasimama mishipa, na mwili wote ukaanza kutetemeka mtetemo mdogo, wa haraka, usiofanana na kitu chochote cha angani. Kofia ilimdondoka.

"Ameisikia!" mtu mmoja nyuma alisema kwa furaha. "Ameisikia anga!"

Wifi alipiga yowe, akakirukia kile kitufe chekundu, akakibonyeza kwa mikono miwili. Taa ikawaka: DHARURA. Akakibonyeza tena. Taa ilikuwa inawaka vizuri sana.

"Mume wangu! Kizime! Mbona hakizimi!"

Mapazia alimrukia amvute.

"Usimguse!" Mama Dobi alipaza sauti. "Mtu asimguse, mtanasa wote!"

Alikuwa amekwishageuka. Ua ule alikuwa ameuvuka mara nyingi bila kuuona urefu wake. Sasa ulikuwa mrefu, una beseni katikati, una kuku, una shuka lililoanikwa ambalo lilimfunga usoni akalichana. Jikoni. Ukuta. Plagi ilikuwa imelegea, ya moto, na alipoivuta ilitoka kirahisi, kama kitu kilichokuwa kikimsubiri tangu asubuhi.

Aliporudi mdogo wake alikuwa chini, kichwa kwenye mapaja ya Bi Mkubwa aliyeketi sakafuni na gauni lake la kijani likinyonya maji. Alikuwa anapumua. Kiganja kilikuwa na mstari mweupe uliokakamaa, na kikinuka. Juu ya kichwa chake ndege ilikuwa bado inapaa kwenye televisheni, isiyo na rubani, mbingu ya samawati kila upande, kwa kuwa televisheni ilikuwa na soketi yake.

Bi Mkubwa aliinua uso. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama bintiye.

"Umeridhika?" aliuliza.

*

Hospitalini walimlaza, wauangalie moyo wake. Daktari alisema ana bahati, akasema pia neno jingine alipofikiri hawasikii. Mama Dobi alikaa kando ya kitanda, mikono imelala mapajani, kwa mara ya kwanza haina cha kukunja.

"Ulijua?" aliuliza hatimaye.

Kapteni alitazama dari. Bila kofia alikuwa na kipara kidogo, cha kawaida.

"Nilijua nikivaa ndala hakinisumbui. Sikutaka kujua zaidi."

"Ungemwacha mama akikalie?"

"Nilisema angoje."

"Ulisema."

"Nilitaka kusema na lile lingine. Ukaniwahi."

Mama Dobi aliinamisha kichwa. Kicheko alichokuwa akikiandaa wiki nzima, cha siku mdogo wake atakapoumbuka, alikitafuta ndani yake akakuta kimeoza.

"Nilijua utavua," alisema. "Nilipita jikoni asubuhi. Niliiona plagi. Nikaiacha ili nije niseme mbele za watu." Akainua uso. "Wewe ulikata pini. Mimi nilikuwa na akili zote, nikaacha umeme uwake."

Kapteni alikigeuza kiganja chake chenye bendeji. Kisha akasema, "Na juu ya paa ni wewe."

"Ni mimi."

"Lakini ulileta ngazi."

"Nilileta."

"Basi lete ngazi," alisema, akafumba macho.

*

Mama Dobi alimfuata mwenyewe yule fundi mwoga. Fundi alikuja na mkoba wake uleule. Alikigeuza kiti ubavu, akawaonyesha waya wa kisanduku: kila kiti kilipoinama ulikuwa ukijisugua kwenye ukingo wa fremu, safari baada ya safari, mpaka ngozi ikachubuka na shaba ikaanza kugusana na chuma. Siafu wachache wa mwanzo walitokana na ethi kukatwa. Baadaye waliongezeka, kwa sababu waya ulichubuka. Mapazia alisikiliza hayo akijipapasa meno.

"Si jambo la kubebeana chuki," alisema fundi. "Kiti ni kizuri. Kimenyimwa njia tu."

Wakafanya kazi pamoja. Kapteni, mkono una bendeji, alishika tochi na kuuliza maswali, ya kijinga na ya maana, na fundi aliyajibu yote. Walichimbia fimbo ya shaba nje ya banda, wakavuta waya mnene wa kijani na njano hadi kwenye fremu na kwenye mwili wa kila mota. Waya mpya ulibanwa vizuri, ukaachiwa nafasi ya kuinama bila kusuguana. Eksitensheni ya jikoni ilikatwa vipande. Kiti kilirudi kwenye soketi ya bandani, chini ya breka mwoga, na walipoiwasha, breka haikuruka. Ilikuwa haijawahi kuwa na tatizo na kiti. Ilikuwa na tatizo na mauaji.

Kitufe chekundu kilifungwa upya, kwa waya zinazokata umeme wa mota kweli. Fundi aliwaonya wasikifungue kisanduku hata kikizimwa, mpaka kikae kwanza, maana kinaweka akiba ya umeme tumboni. Kisha akamwambia Kapteni abonyeze kitufe kiti kikiwa katikati ya kona. Alibonyeza. Kila kitu kikafa papo hapo, kiti kikashuka taratibu kama mtu anayeketi. Kapteni alikibonyeza tena na tena siku ile, akisikiliza ukimya.

Mapazia ndiye aliyejipendekeza kujaribu wa kwanza. Alizunguka mawinguni, akashuka, uso umekunjamana.

"Imepoa hii. Haina ladha. Anga imekwenda wapi?"

"Imekwenda ardhini," alisema Mama Dobi. "Ukiihitaji, kachimbe."

Bi Mkubwa aliletwa alasiri. Safari hii hapakuwa na pazia, wala hotuba, wala jirani. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, pale kilipokuwa kibao. Hakuna aliyemwambia Kapteni afanye jambo lolote, lakini alivua viatu vyake, akasimama peku kwenye saruji, akapeleka mgongo wa mkono wake mzima kwenye chuma. Akauacha pale. Mama Dobi alizuia pumzi mpaka alipouondoa.

"Nivae vile viatu vyenu?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Hapana, mama. Njoo hivyo hivyo."

Aliketi. Alishika mikono ya kiti, akasubiri, akamtazama mwanawe kwa mashaka.

"Mbona sisikii kitu?"

"Hutakiwi kusikia kitu, mama. Angalia nje."

Ndege ikaacha ardhi, kiti kikainama nyuma polepole, na miguu yake iliyovimba ikanyooka mbele yake, mitupu, juu ya fremu ya chuma. Aliomba wapite chini kidogo, atafute paa la nyumba. Hapakuwa na nyumba yao kwenye mchezo ule, lakini Kapteni alishuka hata hivyo, akamwonyesha paa moja la bati jekundu, na Bi Mkubwa akasema ndilo.

Mama Dobi alisimama pembeni safari nzima, kiganja juu ya kile kitufe chekundu, asiseme neno.